Mvua ya Ng'ambo

Jumatano, 3 Desemba
Nimekoroga uji tena. Mama mkwe hajaugusa tena. Mvua usiku kucha, tope mpaka mlangoni. Shamba la Ndalambo sijapanda, wenzangu wameshamaliza. Mama mkwe alipopooza mguu, mume wangu alimtoa kwao Zambia, kijijini huko mbele ya Nakonde, akamleta hapa Tunduma awe karibu na hospitali. Kisha yeye akapanda lori lake, huyo Lusaka. Mgonjwa ni wangu. Nimechoka.

Jumamosi, 6 Desemba
Kutwa mama mkwe yuko dirishani. Anasema huku Tunduma mvua ikinyesha watu wananuna. Kweli. Kwetu Mbozi mvua ilikuwa jembe, alfajiri na mgongo kuuma. Kwao ni msimu wa kula: viwavi vya porini, halafu uyoga mpana kama ungo. Watu wanaitana, wanacheka. Na mawingu ni hayahaya! Nilikasirika. Acheke mwenye nafasi.

Jumapili, 7 Desemba
Baada ya ibada nikavuka Nakonde, nikanunua uyoga barabarani. Nikaukata, nikauanika juu ya meko, kama alivyotulea mama yangu: cha masika kiwekee kiangazi. Mama mkwe alipouona akalia. Machozi kabisa. Nyumbani kwake uyoga wa kwanza huliwa siku hiyohiyo, na jirani anaitwa. Kuuanika kwenye nyumba yenye mgonjwa ni kumwekea mboga ya matanga yake. Mungu wangu. Mimi nilitaka kumfurahisha.

Alhamisi, 11 Desemba
Hali chochote. Dawa anameza kwa maji matupu. Nikimwogesha naogopa mbavu zake. Anataka kwao, basi. Nimempigia mume wangu, amekataa: huko hakuna daktari. Rahisi kusema ukiwa Lusaka. Akinifia hapa, watasema nimemuua mimi. Akifia kule, watasema nilimtupa. Nimechukia kila mtu leo, mpaka mama mkwe. Halafu nikamsuka nywele.

Ijumaa, 12 Desemba
Mbegu nimempa jirani. Mwaka huu silimi. Nimekodi gari asubuhi, sikumwambia mume wangu. Mama kavaa kitenge chake kizuri. Tulipovuka mpaka akanishika mkono: "Mwanangu, mumeo atakusema sana." Najua. Njia mbovu, mvua tele, tumekwama mara mbili. Hakulalamika hata kidogo.

Jumapili, 14 Desemba
Kwao mama mkwe. Inanyesha. Wifi yangu kapika uyoga kwa karanga, majirani wamejaa barazani wamelowa, wanaongea wote kwa pamoja. Mume wangu amepiga simu asubuhi nzima. Nitapokea kesho. Mguu wa mama uko vilevile. Amekula polepole, akapumzika, akala tena. Kisha akaninyooshea sahani nimwongezee.