Siku Moja Kingston

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka shifti. Miguu imevimba. Chai ya tangawizi, sukari nyingi, daktari asijue. Baba Neema kalala kwenye kochi, miwani bado usoni. Nikachukua tableti, nikaingia mtandaoni kuendelea na mambo ya gari la kukodi.

Hoteli ya Montego Bay imeshalipiwa. Zawadi ya binti yetu Neema kwa baba yake, aliyestaafu udereva wa basi. Siku saba za kuota jua. Mimi nataka moja tu kati ya hizo: twende Kingston, mji mkuu, alikozaliwa mume wangu, tumwone shangazi yake. Masaa matatu kwenda, matatu kurudi. Basi la watalii sitaki, linakushusha kwenye maduka ya kofia. Nimepata kampuni ya magari ya kukodi. Dereva anakufuata hotelini, anakupeleka, anakusubiri, anakurudisha.

Baba Neema hajui. Ndiyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi ana miaka tisini na moja. Ndiye aliyemlea hadi alipofika miaka kumi, mama yake alipomwita huku London. Akamwahidi shangazi kwamba atarudi akiwa mkubwa. Akaandika barua miaka kadhaa, akaacha. Hajarudi hata mara moja. Ukimuuliza, anasema joto. Joto! Mtu huyu huyu anawasha hita mwezi wa sita.

Ni aibu, si joto. Namjua mume wangu.

Na mimi nina langu, niliandike hapa maana hakuna anayesoma. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijapelekwa ukweni. Kwetu Korogwe bibi harusi anapelekwa akaonwe, hata kama ataonwa na kusengenywa. Mimi hakuna hata aliyenisengenya. Inaniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Dada mmoja wa kanisani hapa Tottenham, kwao Kingston, kanitafutia namba. Nimepiga. Nikajitambulisha kama vile naomba kazi.

Sauti ya shangazi ndogo lakini kali. Nusu ya maneno yake sikuyashika. Jambo moja aliniuliza mara mbili: bado anaogopa mbwa? Mungu wangu! Kumbe ndiyo maana tunavuka barabara kila mbwa akitokea, na miaka yote hii ananiambia upande wa pili una jua. Nimecheka mpaka machozi. Nampenda mwoga wangu huyu.

Halafu nikakosea. Furaha ilinipanda kichwani, nikamwambia tunakuja Jumanne, wiki ya pili ya Aprili. Akasema atawaambia watu wote wa mtaa.

Jumapili, 9 Machi
Kampuni wameandika: mtakaa Kingston muda gani? Kwenye fomu nilikuwa nimejaza masaa mawili. Masaa mawili, ukweni! Hapo hata maji ya kunawa hayajaletwa. Nimebadilisha, manne. Nikaongeza kwamba dereva atakula na sisi, asiachwe kwenye gari. Wamejibu kwa heshima kuwa si lazima. Nikawajibu ni lazima.

Jumanne, 11 Machi
Kaona. Kampuni wametuma majina ya abiria tuyahakikishe, na tableti ni yetu sote. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisoma mpaka mwisho, akaiweka mezani, akaniuliza kama nimemwambia shangazi kuwa anakuja. Nikasema ndiyo.

"Sawa."

Kiswahili chake chote ni maneno kama ishirini, na hilo ndilo analotumia akikasirika.

Alhamisi, 13 Machi
Chai? Sawa. Mvua inanyesha. Sawa. Jamani, nitalitupa neno hili dirishani.

Nimempigia Neema kazini kwake Stratford. Mimi Kiswahili, yeye Kiingereza, kama kawaida yetu. Kasema nimemnyang'anya baba yake uamuzi. Nikamwambia asinifundishe ndoa, nikakata simu. Kisha nikakaa kwenye ngazi. Mtoto amesema kweli. Ahadi ya kwanza inamtafuna hadi leo, nami nimemtolea ya pili.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwomba msamaha. Bila "lakini". Kazi kubwa kwangu. Nimemwambia Jumatatu nitafuta safari ya gari, na shangazi nitampigia mwenyewe, nimweleze kuwa kosa ni langu.

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema shangazi alimshonea suti ya safari ya kuja London, mifuko mikubwa, ili siku akirudi iwe imejaa zawadi za kumletea. Ana miaka sitini na sita na hajui atampelekea nini. Akatoka kutembea. Sikumfuata. Nimelia mbele ya sinki, na mtu wa kulaumiwa simwoni.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepiga simu kampuni baada ya shifti. Binti wa ofisini akatafuta jina letu, akasema safari ya kurudi hotelini siku hiyo hiyo imeshafutwa. Nikamwambia hapana, nataka kufuta zote. Akaniuliza kama nina hakika, maana bwana mwenyewe aliandika jana. Gari litupeleke Jumanne, lituache. Lije kutuchukua Ijumaa.

Nikasema basi, liache hivyo hivyo.

Baba Neema alikuwa jikoni anamenya viazi vikuu, amenipa mgongo. Akasema bila kugeuka nibebe vitenge vitatu, vizuri. Shangazi ataniweka barazani kila siku, watu waje wamwone mkwe wao.

Nikamuuliza kama ameshatia chumvi.

Bado, akasema. Nikatia.