Kidole cha Mwisho cha Mama

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wifi, pamoja na huyo mgeni wetu mdogo ambaye bado sijambeba. Natumaini nyote ni wazima. Je, mtoto analala, au anawakesheza kama wewe ulivyomkesheza mama? Kama anawakesheza, msinisingizie mimi shangazi yake. Hayo ni ya babaye. Huku nyumbani hatujambo, isipokuwa mimi nina udhuru kidogo ambao nitaueleza mahali pake. Kwa hiyo usishangae mwandiko. Najua utasema kuku amekanyaga wino, na kwa leo sitabisha.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Napiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nimemkabidhi dereva wa mizigo barua hii akupe mkononi, naye ameniahidi kwamba hataondoka mlangoni kwako mpaka uifungue. Ukimwona amesimama tu kama nguzo, usimfukuze, ndiyo kazi niliyompa. Amebeba pia kifurushi kidogo. Soma kwanza hadi mwisho, na ile katoni uliyoondoka nayo tafadhali usiiguse.

Wewe ndiye uliyenibandika jina la Bibi Karatasi. Ilikuwa baada ya mazishi ya mama, ulipotaka tuendelee kuuza marhamu yake ya watoto kama alivyoiuza yeye, kwa sifa za majirani basi, nami nikasema zama hizo zimepita, sasa kila kitu cha kupaka mwilini kina faili lake la usalama. Ulinicheka nilipofunga safari kumtafuta yule mama mkemia atuandikie tathmini. Ulicheka zaidi nilipobandika lebo zenye majina ya viungo ambayo mama asingeweza kuyatamka. Mamlaka walipotusajili na maduka makubwa yakaanza kuagiza, ukaacha kucheka. Sikukusimanga, ingawa ulimi uliniwasha kwelikweli.

Leo mambo yamegeuka. Karatasi zimetimia zote, hakuna pengo hata moja, na wewe ndiye unayezipigia debe, huku Bibi Karatasi akikataa kutia sahihi. Umemwambia wifi kwamba nina kinyongo kwa kuwa oda hii kubwa uliitafuta bila kunishirikisha. Umetishia kumtafuta mtu mwingine awe msimamizi wa usalama badala yangu ili mzigo utoke. Kaka, sina kinyongo. Nina hofu, na nilikuwa naona haya kuitaja.

Hebu kumbuka mama alivyokuwa akiijaribu marhamu. Kopo la kwanza la kila sufuria likishapoa, kabla mtu yeyote hajagusa, alichota kidogo kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Alikuwa akisema vidole vingine vimekuwa sugu kwa moto, havimletei tena habari, lakini hicho kidogo bado kina adabu. Alijipaka kwenye kunjo la kiwiko, akangoja mpaka kesho yake. Asiyejipaka asipake watu, ndiyo ilikuwa sheria yake, na ilimtosha. Nasi tulipomzonga atupe, hasa wewe uliyetaka kuilamba kwa sababu ilinukia, alifunika kopo kwa kiganja, akalibana, akasema neno moja tu: bado. Baba alikuwa seremala mwenye mikono kama jiriwa, na hata yeye hakuwahi kulifungua kopo ambalo mama amelishika.

Na ukucha wa kidole kile unaukumbuka. Ulipasuliwa na bati angali mtoto, ukaota na ufa katikati. Kwa hiyo alipochota, aliacha kishimo chenye mstari katikati, kama punje ya kahawa. Tulikuwa tukiitafuta alama hiyo katika kila kopo la kwanza.

Sasa nisikilize. Sheria inataka kila toleo, ambalo sisi huku bado tunaliita sufuria, tuliwekee kikopo kimoja cha sampuli. Kinafungwa kwa karatasi ya muhuri yenye sahihi yangu na kuwekwa mahali penye giza na ubaridi, ili siku mteja akilalamika tuwe na cha kulinganisha. Nyumbani kwetu mahali penye giza na ubaridi ni pamoja tu, chumba cha mama. Nilitoa kitanda, nikapiga rafu ukutani. Ufunguo nauvaa shingoni. Vikopo vyenyewe ni vya plastiki inayoonyesha ndani, mpaka kifuniko, ili niweze kuvikagua bila kuvifungua.

Sampuli ya sufuria ya kwanza sikuiangalia sana. Ya pili, nilipoingia kesho yake kuikagua, niliona kishimo kwenye uso wa marhamu. Muhuri ulikuwa mzima na sahihi yangu haikuchanika. Nikamtuhumu Bi Vifuniko, yule mama anayetufungia makopo. Alikuja juu, akaniuliza tangu lini yeye ana kidole cha kupenya kwenye plastiki. Nikampeleka aone mwenyewe. Alichungulia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliyefanya hivyo tunamjua wote wawili, kisha akatoka kinyumenyume. Tangu siku ile hakanyagi chumbani humo, hata umwahidi nini.

Nilimpigia mkemia. Alicheka kwa upole, akasema marhamu ikipoa hunywea katikati, ni jambo la kawaida, niliandike tu kwenye faili. Nilifurahi sana kupewa maelezo, nikaandika: kunywea wakati wa kupoa. Lakini marhamu iliyonywea haiachi ufa wa ukucha, na ufa huo niliuona kwenye sampuli ya kwanza nilipoirudia, kwenye ya pili, na ya tatu, na ya nne, na zote zilizofuata mpaka ya tisa. Unaonekana mchana kweupe, ukifungua dirisha. Nikazoea, kaka. Nitasema ukweli, nilianza hata kupenda. Nilikuwa nikiingia naamkia shikamoo, naangalia alama, nafunga mlango, naenda kutia sahihi yangu nikiwa na amani. Mkaguzi wa mamlaka alipotutembelea alisifu faili letu, akasema hajaona watu waangalifu kama sisi. Nilitamani kumwambia kwamba tuko wawili.

Ndipo ikaja sufuria ya kumi, ya nta yako mpya. Yule mzee tuliyezoea kununua nta kwake ulimwacha kwa kuwa umepata ya bei nafuu. Nilikwambia usiache mbachao kwa msala upitao, ukanijibu kwamba cheti kinasema nta ni ileile. Kweli kinasema hivyo. Maabara wakapima vijidudu, hawakuona kitu. Mkemia akasoma cheti, akasema tathmini inabaki palepale maadamu nta ni hiyo iliyoandikwa. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alijibu alichoulizwa.

Nikaingia chumbani kesho yake. Uso wa marhamu ulikuwa laini, umetulia kama maji ya beseni. Nikangoja siku nyingine, na nyingine. Wapi! Nilisema shikamoo, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba sijaitikiwa. Sijui nikuelezeje. Siku zote chumba kile kilikuwa kimya, lakini siku hiyo kilikuwa kimya kama mtu aliyekusikia akaamua kutokujibu. Vikopo tisa vilikuwa na alama, vimepangwa, na cha kumi hakikuwa na alama yoyote, na mimi nimesimama katikati na kalamu mkononi.

Ndizo siku ulizokuja. Ukanibana, ukasema lori limeshakodiwa na duka linangoja, ukasema karatasi ni karatasi na mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Ukaondoka na katoni moja kwa ajili ya mtoto, ukasema angalau mwanao hatangoja sahihi ya shangazi yake. Nilishindwa kukwambia kwamba naogopa kikopo kisicho na shimo. Ningesemaje? Wewe mwenyewe ungenipeleka kwa daktari wa vichwa.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Ulipoondoka nilitaka amani. Nilitaka uache kunikasirikia, maana tumebaki wawili tu duniani. Nikaenda chumbani, nikachana muhuri, nikafungua kikopo cha sufuria ya kumi, nikazamisha kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia. Kisha kwa ncha ya ukucha nikachora mstari katikati, taratibu, mpaka ukafanana na ule wake. Kilichobaki kidoleni nikakisugulia kiganjani, kwa mazoea. Nikabandika muhuri mpya, nikatia sahihi juu yake. Mimi, ambaye siku zote nimekupigia kelele kwamba kughushi sahihi ni jela, nilighushi kidole cha mama yangu mzazi. Nikajiambia kwamba kesho nitatia sahihi kwenye faili, yaishe.

Asubuhi nikafungua mlango. Kishimo hakikuwapo. Usidhani marhamu iliyeyuka ikajaza, kwa sababu chumba ni baridi na ungeona. Ilikuwa imepanguswa. Nilipokiinamisha kikopo kwenye mwanga wa dirisha niliona mfuo mwembamba ukizunguka duara kwa duara kutoka katikati hadi ukingoni, mfuo wa ukucha wenye ufa, namna mama alivyokuwa akifuta kwa kidole hesabu tulizokosea kwenye vibao vyetu. Muhuri wangu mpya ulikuwa mzima, sahihi yangu iko juu yake.

Nilitaka kukimbia nikashindwa, na nilipokuwa nimesimama pale nikatambua kwamba kidole changu kinawaka. Kufikia mchana kilikuwa kimevimba, na kufikia kesho yake ngozi ilibambuka, ya kidole na ya kiganja, ikawa inatoka kama utando wa maziwa ya moto. Zahanati waliniuliza nimeshika nini. Nikasema marhamu ya watoto, wakadhani natania.

Basi huo ndio udhuru niliokutajia. Mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, nakuandikia kwa wa kushoto. Mimi ni mtu mzima, ngozi yangu imekomaa, na nilichogusa ni tone. Nakuomba ufikirie shingo ya mtoto mchanga. Nikifikiria mimi, silali.

Kuna jambo jingine, na hili utalichukia. Nimewaandikia mamlaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami sikutaka maradhi yetu yaumbuliwe na mtoto wa mtu. Nimezuia sufuria yote ya kumi, makopo yamefungiwa stoo, na mkemia amechukua kipande cha nta yako akipime upya. Majibu hayajatoka. Alipouona mkono wangu hakucheka tena. Fomu ya mamlaka ina mahali pa kueleza jinsi hitilafu ilivyogunduliwa, nikaandika: kwa ukaguzi wa sampuli. Sidhani kwamba nimesema uongo. Oda tutaikosa, najua, na jina letu litasemwa kwa muda. Nikasirikie utakavyo, lakini nikasirikie ukiwa umeiacha katoni ile.

Maana jana wifi alinitumia ujumbe. Aliuliza kama tumebadilisha vifuniko. Anasema makopo ya katoni uliyompelekea hayafunguki, hata moja. Amejaribu yeye, amejaribu jirani yenu, na wewe umezungusha mpaka umetoka jasho, na sasa unasema Jumamosi utanunua koleo. Nilimjibu wasiyaguse, akaniambia umemhakikishia kuwa ni kinyongo changu tu. Nikamuuliza Bi Vifuniko aliyafungaje. Aliapa kwamba aliyafunga kama siku zote, kwa mkono mmoja, huku akipiga soga. Nikaenda stoo kujaribu makopo yaliyobaki ya sufuria hiyohiyo, kwa mkono huu wa kushoto ambao hauna nguvu ya kumenya ndizi. Yote yalifunguka bila shida.

Ni ya kwako tu yasiyofunguka, kaka. Ni yale yaliyo karibu na mtoto.

Usinunue koleo. Kama huniamini mimi, weka kiganja chako juu ya kifuniko kimojawapo, utulie, kisha uniambie kama hulijui hilo bano. Tulilipigania utoto wetu wote na hatukuwahi kulishinda. Anasema bado.

Katika kifurushi alichobeba dereva mtakuta sampuli ya sufuria ya tisa. Sheria hairuhusu sampuli ya akiba kutolewa, na kwa hili nimeivunja nikiwa na akili zangu timamu. Ina alama yake, ukiichungulia utaiona. Kikopo hicho kitafunguka. Mpakeni mtoto, na mwambieni kwamba bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona, ameshaijaribu.

Nisalimie wifi sana, umwambie samahani kwa kumtia wasiwasi akiwa bado mzazi mbichi. Mbusu mtoto shingoni kwa niaba yangu. Bi Vifuniko anawasalimu, na anauliza mtoto anafanana na nani. Pokea simu, kaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bibi Karatasi
(kwa mkono wa kushoto)