Wasomaji wa Baba

Dada yangu,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wanao ambao nimewaona kwenye picha tu. Natumai ule mgongo uliokusumbua tangu uzazi wa pili umepoa. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo na mikono imekuwa migumu kwa sabuni, lakini nakula na nalala, na anayekula na kulala hana haki ya kulalamika. Usishangae kuletewa barua zama hizi za simu. Simu ungeikata katikati. Barua hata ukiichana, nakujua, utaokota vipande uvisome.

Habari za baba ni ndefu, nazo ndizo zilizonikalisha hapa mezani. Kibanda chake cha saa tulikifunga muda mrefu, macho yalipoanza kumtupa mkono. Mwanzo alikuwa akisogeza saa ya mteja hadi inagusa kope, baadaye akawa anaifungua kwa kupapasa, mpaka siku alipomrudishia mama mmoja saa yake ikiwa na mshale mmoja. Daktari alisema mishipa ya macho imeshakufa, na kilichokufa hakifufuliwi kwa matone. Baba akajibu kwamba yeye anamjua anayefufua. Basi nikawa macho yake. Namvalisha, namkata kucha, nampeleka msalani, na yeye akiisha kunywa uji anakaa kwenye kiti cha kamba, anatazama ukuta asiouona, ananitamkia maneno nami nayachapa kwenye kompyuta.

Ulipoondoka, vitabu vyake vya *Mlango Unafungwa* vilikuwa viwili tu, vyembamba, vya karatasi inayopitisha wino. Sasa vimejaza rafu nzima. Najua hukuwahi kuvisoma, kwa hiyo nikueleze kwa ufupi. Asubuhi moja watu wema wanachukuliwa juu, nguo zao zinabaki chini, na waliobaki wanaishi chini ya Mnyama wakingoja mlango wa mji mtakatifu ufungwe kabisa. Kila juzuu mlango unasogea kidogo. Mpiga chapa anasema hajawahi kuona mlango unaofungwa taratibu hivyo, na hajawahi kuona watu wanaopenda kuungoja namna hiyo.

Wewe uliingia juzuu ya tatu. Baba hakukuita kwa jina, alikuita Mwenye Hereni. Ni msichana mrefu mwenye mwanya, anayemwacha bwana harusi, aliye mtoto wa mwinjilisti, pamoja na kapu la mahari mlangoni, akamfuata mwanamume mwenye kamera. Hata kicheko chako kimo, kile kinachoanzia puani. Humo unawauza majirani kwa Mnyama ili upewe kioo kikubwa, na unamnyima maji mama yako mzazi akiwa kitandani. Najua mama alikufa ungali mwanafunzi, na kwamba wewe ndiye uliyemshikia kikombe. Lakini wasomaji hawakujua, na waliojua walisema riwaya ni riwaya.

Mimi simo. Usidhani nimepita haraka haraka. Nimechapa kila ukurasa kwa vidole hivi. Mwenye Hereni ana baba, ana mama, ana mbwa, ana hata shangazi mlevi. Mdogo wake hayupo.

Kila juzuu inapotoka, wasomaji hukutana kwa mpiga chapa, kwenye chumba cha mbele, wakikalia marobota ya karatasi. Wanakuja kutoa maoni. Ungekuwapo ungecheka mpaka ufukuzwe. Kuna dereva wa lori ambaye kwa miaka amekuwa na swali lilelile: juzuu ya kwanza dereva mcha Mungu alichukuliwa akiwa kwenye usukani, je, abiria wake walipata nani wa kuwafikisha? Kuna fundi cherehani mwenye sauti nzuri, anayeshikilia kwamba nguo za waliochukuliwa zielezwe kwa heshima, kama zilibaki zimekunjwa ama zimeanguka tu shaghalabaghala, kwa sababu mtakatifu havui hovyo. Mwalimu mstaafu analalamika kwamba Mnyama anaongea Kiswahili sanifu kuliko malaika. Baba alikuwa akiwasikiliza kichwa kimeinama, anatabasamu. Mimi huwa pembeni na birika. Siku moja mgeni aliniuliza kama mpiga chapa ananilipa vizuri.

Wanabishana juu ya kila kitu ila wewe. Kwako wewe ni kauli moja. Mkutano wa mwisho kabla ya juzuu ya kufungia ulikuwa kama baraza la kukuhukumu. Dereva alisema umecheleweshwa mno, kwamba watu wenye dhambi ndogo waliungua tangu juzuu ya nne. Mwalimu alipendekeza kwanza upofuke, ili usikione tena kioo chako. Aliposema upofu wakamtazama baba, wakakohoa, wakaendelea. Na yule muuguzi, jirani yetu, aliyekutoa mchanga masikioni ulipokuwa mdogo, aliyeniambia mara mia kwamba hajaona mtoto mzuri kama wewe, alisimama akashika kiti cha mbele yake na kusema neno moja tu: "Moto wake uwe wa polepole." Wakapiga makofi. Nilimtazama baba. Tabasamu lilikuwa limebaki usoni kama kofia iliyosahauliwa kichwani. Mpiga chapa alimshika bega, akamwambia kwamba msomaji ndiye mwenye kitabu.

Kesho yake asubuhi baba hakutaka uji. Aliniambia niwashe mashine. Alisema sura ya mwisho kwa pumzi moja, bila kurudi nyuma, yeye ambaye huibadilisha sentensi mara tano. Ilikuwa hivi. Mlango umebaki ufa tu. Mwenye Hereni anafika amekwisha, miguu mitupu, hana hereni wala kioo. Bawabu ni mzee kipofu. Hamwoni, lakini anamtambua kwa kicheko, kwa kuwa hata katika kulia kwake kilibaki kicheko cha puani. Wale walio ndani wanapiga kelele kwamba asifunguliwe. Mzee anawageukia, anawaambia maneno, kisha anamgeukia msichana, anamwambia mengine. Halafu baba akaniambia, "Andika: akamfungulia." Machozi yalikuwa yakimtoka katika yale macho ambayo daktari alisema yamekufa.

Dada, nitakuwa mkweli. Nilifurahi. Kwa muda wa kama kumeza mate, nilifurahi kwa ajili yako. Kisha nikaona kwamba mlango ukiwa wazi ni wakati mzuri wa kuuliza. Nikamuuliza, "Na yule mdogo, baba?"

Akageuza shingo kuelekea sauti yangu. "Mdogo yupi?" akasema. "Humu hamna mdogo."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama kuna chumvi zaidi. Akaomba maji, nikampa, akanywa, akalala. Mimi nikabaki na mashine. Nikafuta ile sura kuanzia kwenye ufa wa mlango. Nikawapa wasomaji walichokitaka. Niliweka upofu wa mwalimu, nikaweka na moto wa muuguzi, wa polepole kama alivyoagiza, ukianzia kwenye masikio. Maneno yalikuja yenyewe. Miaka yote nilidhani mimi ni vidole tu. Kumbe ninajua kuandika, na sura ile, mpiga chapa aliapa, ndiyo bora kuliko zote alizowahi kutoa baba.

Siku ya kuzindua, watu walijaa hadi kwenye ngazi. Fundi cherehani ndiye aliyesoma sura ya mwisho, kwa ile sauti yake. Nilikuwa nimemkalisha baba mbele, nimemvika koti, nimemfunga tai. Alikuwa ameegemea fimbo, kidevu juu, anangoja mlango wake. Fundi aliposoma kwamba bawabu alisukuma komeo, nilimwona baba anafungua mdomo. Fundi alipofika kwenye masikio, fimbo ilianguka. Mtu akaiokota akamrudishia mkononi bila kukatiza usikivu. Sura ilipokwisha walisimama wote. Mwanamke mmoja alikuwa akilia kwa furaha, akisema haki imetendeka. Mpiga chapa akamwomba mzee aseme lolote.

Baba alisimama kwa shida. Akasema, "Kitabu hiki sikukiandika mimi."

 Kisha yule mwinjilisti, baba wa bwana harusi uliyemwacha, akasema amina, na ukumbi mzima ukaitikia amina, wakaanza kusifu unyenyekevu wake, kwamba mtumishi wa kweli hujificha nyuma ya Roho. Alijaribu kurudia. Alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kama anayetafuta ukuta, nao wakaushika ule mkono mmoja baada ya mwingine, wakampongeza. Nilimtoa pale akiwa ameloa jasho.

Nyumbani aliniuliza kama ni mimi. Nikamjibu kwamba ni wasomaji. Akaniuliza tena, polepole, akiniita kwa jina langu, na huo ulikuwa ukumbusho kwamba analijua. Nikaanza kumfungua tai. Hakunifokea. Alisema tu kwamba nikupigie simu uje, kwa sababu kama kitabu kimekataa kusema, atasema yeye. Nikamwambia nitapiga.

Nilipiga kweli. Ulipokea mara ya kwanza tu. Ulisema haloo huku unacheka na mtu pembeni, na nyuma yako sufuria zinagongana na mtoto anaimba. Nikakata. Nikarudi chumbani nikamwambia baba kwamba hupatikani. Kesho yake akauliza, nikamwambia hupatikani. Baadaye akawa haulizi kwa mdomo; nikiingia tu, anageuza uso kuelekea mlangoni, anasikiliza kama ni nyayo za mtu mmoja au wawili. Alikataa uji, kisha akakataa maji. Alifariki mchana, jua likiwa kali, nikiwa nimemshika mkono. Mkono wangu mimi.

Basi ndiyo hivyo, dada. Baba hayupo. Tumeshamzika. Pole.

Wasomaji walikuja kwa wingi, wengine na juzuu kwapani. Dereva alibeba jeneza upande wa mbele. Kaburini muuguzi aliniuliza kwa kunong'ona kama umepewa taarifa. Nikamwambia umepewa, ukasema una shughuli. Hakushangaa hata kidogo. Akaguna, akampasha aliye karibu, naye akampasha wa kwake, nikaiona habari ikisafiri kwenye vichwa hadi mwisho wa msafara. Hakuna aliyesikitika. Kwao wewe ulikuwa umeshaungua, na aliyeungua hahudhurii mazishi. Kwa hiyo ukija usitegemee kiti.

Najua sasa unalia, na najua utaanza kuuliza lile swali. Ni maneno gani bawabu aliwaambia wale wa ndani, na ni yapi alikwambia wewe? Sura ile nimeifuta, haimo kwenye mashine wala kwenye karatasi yoyote. Baba ameondoka nayo. Imebaki kichwani mwangu, neno kwa neno, hata pale alipokohoa. Mengine ni ya kukuomba radhi. Kuna sentensi moja juu ya mama na kile kikombe ambayo hata mimi, pamoja na moyo huu nilio nao, siwezi kuipita bila kusimama.

Siiandiki hapa. Nilishamwandikia baba maisha yangu yote bila kuwamo. Sitakuchapia na wewe. Ukiyataka maneno yale, panda gari uje ukae mbele yangu, uniulize kwanza mimi nilikuwa wapi miaka yote hii na nilikuwa nikifanya nini, usikilize hadi niishe. Nikiridhika nitakwambia. Nisiporidhika utarudi kama ulivyokuja. Na usikawie, kwa maana kichwa si rafu. Jana nilijaribu kuyasema peke yangu jikoni, nikakuta neno moja limeshanitoka.

Nisalimie shemeji. Wabusu watoto, uwaambie wana mama mdogo, kama hujawahi kuwaambia. Huku mvua zimeanza na paa la kibanda cha saa linavuja. Mungu akulinde njiani, kama njiani utakuwapo.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
niliyebaki.