Kibali cha Kuondoka Bandarini

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na goti lako. Mimi sijambo, ila mgongo umeanza kudai heshima kila asubuhi.

Usishtuke kuona barua. Kwenye simu mimi na wewe tunasema "sikukuu njema, nawe pia, haya kwaheri", halafu kimya mpaka sikukuu nyingine. Tangu Mama afariki ni miaka sita tunakwenda hivyo. Nimeona nikae niandike kwa kalamu kama zamani, usipate nafasi ya kunikatia.

Wiki iliyopita nilitumwa kwenye jengo moja la ofisi. Lifti ilikuwa imekwama ghorofa ya nne, na ndani yake mama mmoja, wakala wa safari. Nilipomtoa alinishika mkono, akaniingiza ofisini kwake akanipa chai. Mezani pake palikuwa na mfano mdogo wa mashua, lakini mashua ya ajabu: ina matumbo mawili marefu yaliyolala sambamba, na sakafu katikati ya kuyaunganisha. Akaniambia inaitwa katamarani. Watu wanaikodi, wanazunguka visiwa wiki nzima, wanalala humo humo, huyu tumbo hili, yule tumbo lile.

Dada, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Vile ni vitanda vyetu! Chako cha dirishani, changu cha mlangoni, na meza ya kupigia pasi tumeilaza katikati. Shuka la maua ndilo tanga, ufagio ndio mlingoti. Anayekanyaga sakafu amezama. Unakikumbuka Kisiwa cha Kabati? Na Kisiwa cha Kapu la Nguo Chafu, ambako wenyeji walikuwa wakali?

Basi nimeamua. Mwezi wa nane nina likizo. Ipo safari ya siku saba, visiwa vitano, pamoja na nahodha wa kukodi, maana mimi chombo pekee ninachokiweza ni lifti. Nataka twende wote wawili. Sitaki kwenda na mtu mwingine. Njoo, Dada.

Mdogo wako,
Baharia


26 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo, goti halijambo, cherehani nayo haijambo. Pole na mgongo. Upake dawa, na uache kubeba vyuma kwa ubishi. Majirani wote wanakusalimu, hata yule ambaye kuku wake ulimvunja mguu kwa manati. Hajasahau.

Nimepata kazi ya mapazia ya ukumbi wa shule. Madirisha ishirini na mawili, na kila moja na urefu wake, kwa sababu aliyejenga alikuwa anapima kwa jicho.

Sasa nisikilize. Kwanza, hujui kuogelea. Mimi pia sijui. Ukoo wetu mzima, maji yakipita magoti tunaanza kuandika wosia. Pili, shuka halikuwa la maua. Lilikuwa la mistari ya bluu. La maua lilikuwa la wageni, na tungelitundika kwenye ufagio leo hii tungekuwa bado tunachapwa. Tatu, umeisahau bandari.

Nani alikuwa anatupa ruhusa ya kuondoka? Mama anarudi kutoka kaunta ya vifurushi ya posta, hata viatu hajavua, anasimama mlangoni mwa chumba chetu. Haingii, kwa sababu ndani ni bahari. Anauliza, "Chombo gani hicho? Abiria wangapi? Mnarudi lini?" Halafu anatoa ule muhuri wa tarehe waliomwachia kazini baada ya kuharibika. Siku na miezi ilikuwa inazunguka vizuri, ila mwaka uliganda kwenye 1981 na hakuna aliyeweza kuusogeza. Anaandika kwenye kipande cha karatasi, KIBALI CHA KUONDOKA BANDARINI, anapiga muhuri, pa! Siku moja alichelewa kurudi, tukakaa juu ya vitanda mpaka miguu ikafa ganzi. Hatukung'oa nanga. Bila kibali hakuna safari.

Wewe ndiye pekee uliyeondoka bila kibali. Ulitoka kwa mlango wa nyuma, alfajiri, viatu mkononi. Mwaka wa kumi na tisa huu. Na alipokufa hukuja kumzika.

Samahani. Sikukusudia kuandika hilo, lakini limeshaandikwa na karatasi nyingine sina.

Hiyo katamarani yako nitaifikiria.

Dada yako,
Nahodha (na usijisahau)


21 Machi

Dada,

Salamu, na pole na madirisha. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa ndani ya shimo la lifti, mwenzangu amekwenda kutafuta spana, nikasoma kwa tochi. Aliporudi aliniuliza kama nimeumia.

Shuka la mistari, umeshinda. Na mengine yote uliyosema ni kweli. Asubuhi ile nilitoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu ningemwona Mama usoni ningeweka begi chini, na hadi leo ningekuwa hapo nawatengenezea watu pasi na redio. Ule wakati wa mazishi karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zinabadilishwa. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi huku. Nilikueleza, hukutaka kusikia. Ningekuwa wewe nisingetaka kusikia pia.

Safari bado ipo. Tumbo la kulia lina dirisha kubwa zaidi, nimewaambia ni lako. Wakala anasema katamarani haipinduki kirahisi, matumbo mawili yanashikiliana. Wanataka kipimo cha kifua chako kwa ajili ya jaketi la kuelea. Tafadhali usitume kile cha ujanani.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza, na unijibu ukweli mtupu. Asubuhi ile Mama alipoamka akakuta kitanda cha mlangoni kitupu, alisema nini? Alinikasirikia? Alipokuwa hai sikuthubutu kumuuliza. Nilikuwa naongea naye habari za hali ya hewa kama mtangazaji. Sasa umebaki wewe tu wa kuniambia.

Mdogo wako,
Baharia


4 Mei

Dada,

Hujambo? Goti je?

Wiki ya sita hii sijaona jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alikuwa akisema Mama, na wewe ukinyamaza mimi huwa najificha chini ya meza hata kama meza yenyewe iko nchi nyingine. Kama nimekuudhi, niambie. Kama goti limezidi, niambie pia. Wakala ananishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa barua zote mbili. Mimi mzima wa mwili. Mapazia nimemaliza, mawili nimeshona ndani nje, kitu ambacho sijawahi kufanya toka nianze kazi.

Uliniuliza Mama alisema nini. Mficha uchi hazai, basi ngoja niseme.

Mama alikuwa macho. Alisikia kitasa cha mlango wa nyuma. Nilimkuta amekaa kitandani kwako, tayari ameshakunja blanketi lako. Hakulia. Alisema, "Mtoto ameogopa kuniaga." Kisha akaniambia nimletee muhuri. Akazungusha siku, akazungusha mwezi, akaandika kwenye kadi kwa ule mwandiko wake wa kaunta, akapiga. Akanipa. "Akishatuandikia anwani yake," akasema, "umtumie. Asije akadhani ameondoka kwa wizi."

Sikukutumia.

Mwanzoni ilikuwa hasira. Wewe umekwenda, mimi nimebaki na cherehani na miguu ya Mama iliyovimba, halafu nikutumie na baraka juu? Akaniuliza, "Umetuma?" Nikasema nimetuma. Baada ya kusema uongo ule, kila siku iliyopita iliufanya uwe mzito zaidi. Akawa anauliza, "Hajasema kama imefika?" Nasema posta siku hizi. Mwezi wa tatu, wa nne, bado anauliza. Halafu siku moja, baada ya kuzungumza na wewe kwenye simu ya jirani, akaacha kuuliza kabisa. Nilijua amekata tamaa. Nilijua amekufikiria vibaya, na kosa ni langu.

Kila nilipokulaumu kwa kutokuja kumzika nilikuwa nakutupia jiwe nisije nikajitupia mwenyewe.

Kadi nimeiweka humu ndani ya bahasha. Imekaa miaka yote hiyo kwenye kopo la vifungo. Ukiona hutaki tena nilale kwenye tumbo la dirishani, nitaelewa, na wala sitakuuliza kwa nini.

Dada yako


27 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima.

Hujajibu, na sikulaumu. Siandiki kuomba nafasi yangu. Nataka ujue tu kwamba shule niliyoishonea mapazia ina bwawa, na mwalimu wa michezo ananifundisha kuelea, Jumamosi asubuhi. Nilimwambia mwanamke wa miaka hamsini na mitano hafundishiki. Akanijibu kazi ya kuelea ni kuacha kujikaza tu. Mimi! Kuacha kujikaza!

Nimefika hesabu ya kumi na mbili, chali. Nikifika kumi na tatu nakumbuka mambo, nazama.

Dada yako


6 Julai

Dada,

Hujambo. Mimi sasa sijambo.

Nilikasirika. Sitaki kukudanganya. Nilikasirika siku kumi na moja nzima, nikawa nafunga nati za watu kwa nguvu mpaka msimamizi akanipeleka nyumbani. Nilikuandikia barua mbili ambazo nashukuru sikuzituma. Kadi niliitia kwenye droo, nikaifungia. Kesho yake nikaifungulia. Mwandiko wa Mama, Dada. Ile herufi ya B yenye tumbo kubwa.

"KIBALI CHA KUONDOKA BANDARINI. Abiria: Baharia. Chombo: atajua mwenyewe. Kurudi: wakati wowote." Na muhuri wa siku ileile niliyoondoka, mwaka 1981.

Niliisoma kila siku, na juzi, nikiwa nanyoa ndevu, nikasimama na povu usoni. Nilikumbuka ile simu.

Ni mwaka uleule wa kwanza. Mimi nilikuwa nasubiri kibali cha kazi, ndicho nilichokuwa nakiota na kukila. Kikatoka Jumatatu, Mama akanipata Jumatano. Laini ilikuwa mbaya, sauti inakuja na kwenda. Akaniuliza, "Kibali ulipata?" Nikashangaa habari zimemfikia vipi. Nikasema, "Nimepata, Mama! Nimekitia kwenye pochi, natembea nacho kila siku." Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Usikipoteze. Hicho hakina mwisho." Nilitaka kumwambia kina mwisho, kimeandikwa miaka miwili, lakini nani abishane na Mama kwa simu ya jirani? Nikasema, "Sawa, Mama."

Unaelewa, Dada? Hakukata tamaa. Aliacha kuuliza kwa sababu alijibiwa. Jaribu kukumbuka alivyokuwa siku ile alipotoka kwa jirani. Alikuwa mtu mwenye huzuni?

Aliishi miaka kumi na tatu baada ya hapo akijua mwanawe anatembea na kibali chake mfukoni. Wewe umebeba mzigo ambao Mama mwenyewe alishautua zamani. Na mimi nilikuwa naogopa hasira ambayo haikuwahi kuwepo. Tumekuwa wajinga wawili, kila mmoja kwenye kitanda chake, na sakafu kavu katikati.

Kadi sasa iko kwenye pochi. Sikumdanganya Mama, nilichelewa tu.

Mwisho wa mwezi nilimwomba wakala asifute majina, akakubali, nadhani kwa sababu ya ile lifti. Tunaondoka tarehe tisa Agosti. Tiketi yako imo humu. Bado sina kipimo cha kifua. Na usije bila muhuri.

Mdogo wako,
Baharia


22 Julai

Mdogo wangu Baharia,

Salamu zako zimefika, na zimenikuta napiga pasi. Nimekaa chini na pasi ikaunguza shati la mteja. Nitamshonea jingine.

Umeniuliza alikuwaje siku ile. Alirudi kutoka kwa jirani akaomba chai, akainywa amesimama, akiimba imba. Nilimwuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Hakuna, mtoto mzima tu." Nami nikaenda chooni kulia, nikidhani anajikaza mbele yangu. Miaka yote hii, mdogo wangu. Furaha ya mama yangu niliiona kwa macho haya, nikaiita huzuni. Nimelia tena leo, lakini leo nimelilia jikoni, mlango wazi.

Kifua ni inchi arobaini na nne. Ukicheka utaogelea mwenyewe mpaka kisiwa cha tano.

Kuelea nimefika hesabu ya arobaini. Mwalimu ndiye aliyechoka kuhesabu.

Usijibu barua hii, jibu litakuta mlango umefungwa. Natoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, viatu mguuni. Majirani wote nimewaaga, na wa kuku amesema amekusamehe. Jana nilisimama pale mlangoni mwa chumba chetu, nikauliza kwa sauti, "Chombo gani hicho? Abiria wangapi? Mnarudi lini?" Halafu nikaingia nikajijibu kwa maandishi. Hiki hapa, ukitie kwenye pochi pamoja na kile kingine:

KIBALI CHA KUONDOKA BANDARINI
Chombo: vitanda viwili.
Abiria: wawili. Hawajui kuogelea. Mmoja anaelea.
Kurudi: wakati wowote.
9 Agosti 1981

Mwaka nilijaribu kuusogeza kwa sindano ya cherehani. Umekataa, nikauacha.

Dada yako,
Nahodha