Harufu ya Gobore Mbele ya Wakwe

Lukudu, niko kwa bodaboda nakimbilia Arua. Dada yangu Harriet akipiga simu, hujaniona.

Leo wamekuja kwake hapa Koboko watu wa Lionel, kutoka Kongo, kumposa Patricia wetu, binti yake. Mimi niko nyuma ya nyumba nasafisha gobore langu la kufukuzia nyani. Unajua maji moto yakiingia kwa mtutu, masizi ya baruti yananuka yai bovu.

Harufu ikaingia sebuleni. Naupaka mtutu samli usishike kutu, nikasikia mzee Camille, baba mkubwa wa Lionel: "Ni miye. Munisamehe."

Lukudu! Amejitwika ushuzi usio wake, ili kijana asinyimwe mke!

Nikaona posa inaharibika kwa sababu yangu. Nikaingia na mtutu, nikamsogezea puani. "Mzee, si wewe! Nusa hapa!"

Nusa hapa! Nimemwelekezea mkwe bunduki, nasema nusa!

Camille akatoka kwa dirisha.

Sasa Camille yuko ng'ambo ya mpaka. Harriet ananitafuta na mwiko. Lionel hakukimbia, na Patricia amesema anaolewa na huyo.