Tone Kwenye Maji ya Buluu

Kibwezi, 12 Agosti 1978

Kwako ndugu yangu mdogo Musembi,

Pokea salamu za mwanaume mwenye bahati kuliko wote kati ya hapa na Mombasa. Baba anapasuliwa Ijumaa, na daktari anataka chupa mbili za damu. Ya kwanza nimetoa mimi. Sista alisema damu nzito hivi hajaona tangu asomee hiyo kazi!

Baiskeli yako bado inatembea. Mke wangu Kalunde anakusalimu, na bado ananisumbua na mboga ya kunde. Namwambia, "Mama, hayo majani ni ya wanawake na watoto. Mwanaume ni nyama na chai." Mimi nimefika mpaka Kampala, nitafundishwa kula?

Rafiki yangu Waithaka, na miaka yake hamsini na nane, hizo kunde humaliza sufuria. Tulienda naye hospitali nikimcheka njia yote: "Mzee, wewe ni mbuzi!" Sista akatutoboa vidole, akadondosha damu kwenye maji ya buluu. Damu yenye nguvu huzama. Ya Waithaka ilizama kama jiwe.

Musembi, barua hii nimempa dereva wa basi. Rudi na basi hilo hilo. Wewe una miaka thelathini, na mboga za mke wako unakula bila kubishana. Chupa ya pili ni wewe.

Na ile ya kwanza si yangu. Ni ya Waithaka. Yangu ilielea.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka