Besi Isiyouzika

Jumatatu, 3 Machi

Nimetangaza. Basi. Picha tatu na maneno machache: besi ya nyuzi nne, ya zamani, nzito, haina tatizo, anayeitaka aje aijaribu. Nimeiweka kwenye Nyuzi Nene, kundi la simu la wapenda magitaa ya besi. Humo watu wanauziana, wanabadilishana, na kutwa wanabishana kuhusu mbao na sumaku. Mimi ni msomaji tu. Miaka mitatu sijaandika hata "hongera".

Mama watoto ndiye aliyesema niuze. Jana kwenye simu: hilo dude linajaza kabati. Kabati la nani? Alikwenda kwa binti yetu alipojifungua mapacha, akasema ni kwa miezi mitatu tu. Sasa mapacha wanakimbia, na mmoja kashajifunza kutukana. Kabati lina mashati yangu sita na besi. Lakini sikubisha. Kubishana na mtu aliye mbali ni kumaliza salio.

Na kweli, naiweka ya nini? Bendi iliniacha. Si kwamba waliniambia — nilifika mazoezini nikakuta besi ya mtu mwingine imeshachomekwa kwenye spika yangu. Spika yangu! Niligeuka nikarudi nyumbani, spika nikawaachia. Imebaki hii ndogo ya mazoezi. Tangu siku ile sijacheza mbele ya mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesaga lenzi ishirini na mbili. Chumba changu kiko nyuma ya duka la miwani: mashine, maji, vumbi jeupe. Wateja wanakaa mbele kwenye viti vya kuzunguka. Mimi nawajua kwa namba za macho yao tu. Leo kuna mmoja haoni karibu, haoni mbali, lakini kachagua fremu ya dhahabu.

Kundini Mwenyekiti kanikumbusha sheria. Mwenye besi ampe mtu nusu saa ya kujaribu. Tangazo halizidi wiki sita. Na kubwa kuliko zote: aliyefika bei hapingwi. Ukikataa kumuuzia unatolewa kundini.

Mtu mmoja kauliza kama nauza besi au mlango. Wakacheka. Nami nikacheka, peke yangu, jikoni.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja mtu. Mwalimu wa hesabu, sekondari. Ghorofa nne amepanda na besi yake mgongoni, daftari, na mizani ile ya kupimia mabegi. Kabla ya salamu kuisha kashaitundika besi yangu na kuandika uzito. Nikasema moyoni, huyu hana akili. Nikampenda hapo hapo.

Sisi watu wa besi tuna tabia yetu: tukilinganisha, msikilizaji anatazama ukuta. Jicho linadanganya sikio. Ukiona besi ni mpya na inang'aa, utasikia inang'aa. Basi nikakaa kama mtoto aliyeadhibiwa, pua kwenye kalenda ya mwaka jana, yeye akawa anabadilisha nyuma yangu — yake, yangu, yangu tena, yake. Nilikosea mara moja tu. Tukabadilishana, yeye ukutani. Mimi nilipiga nyuzi wazi, moja moja. Kucheza sikucheza, na hakuuliza.

Kwenye noti za chini, alisema, besi yangu inaizidi yake. Lakini inavuma. Kweli, kulikuwa na mvumo kama wa friji. Nami nimetangaza haina tatizo! Aibu. Alifungua bati la nyuma, akakuta waya wa ethi, ule wa kuzuia mvumo, umechakaa ukaachia. Nikajua kazi imeisha, ataaga. Wapi. Alikuwa anautazama ule waya kama mtu aliyeona mtoto wa watu anakohoa. "Hii siwezi kuiacha hivi, mzee wangu. Jumamosi nakuja na chuma cha kulehemu." Na kununua je? Kwanza ipone, alisema.

Nusu saa ile ikawa saa tatu nzima. Chai vikombe viwili viwili.

(Mzee wangu! Nina miaka hamsini na nane.)

Jumapili, 9 Machi

Mama watoto kapiga. Imeuzwa? Bado. Mapacha walikuwa wanalia, hatukusikilizana.

Jumamosi, 15 Machi

Amelehemu. Kazi ya dakika kumi, kaifanya kwa saa nzima, ulimi nje. Alipochomeka — kimya. Kimya safi, unasikia mpaka majirani wa chini wanavyohamisha viti. Kisha akacheza. Ana vidole vyepesi lakini ana haraka, anakimbilia noti inayofuata. Nikamwambia besi haina pa kukimbilia, watu wote wanakusubiri wewe. Akaandika daftarini. Mtu mzima anaandika nilichosema!

Tulibishana kuhusu nyuzi. Yeye anabadilisha kila miezi miwili. Zangu zina miaka sita. Akasema ni uchafu, nikamwambia ni utamu, akasema ni uchafu mtamu.

Kuhusu bei, atafikiria. Ameondoka saa nane. Nimekaa na besi iliyopona na sikufurahi. Nguo ikishashonwa, mtu harudi kwa fundi.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu kaandika kundini kwamba Ijumaa anakwenda kujaribu besi nyingine, ya nyuzi tano, kwa jamaa mwingine. Kaweka na picha. Inang'aa kama sufuria ya harusi.

Hainihusu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefanya jambo la kipuuzi. Naliandika kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Nilirudi na koleo ndogo ya kazini, ile ya kukatia skrubu za fremu. Nikafungua bati la nyuma. Nikaukata waya wa ethi, pale pale alipolehemu. Sekunde moja. Nikachomeka: mvumo. Nikamwandikia, "Imerudi kuvuma." Sijaweka simu mezani, jibu limeingia: "Pole sana, kosa langu. Nakuja kesho."

Nilijua. Mpe mtu wa besi gitaa zima, atalisifu na kwenda zake. Mpe bovu, amekuwa wako.

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja mapema. Kaomba radhi mara tatu kwa kulehemu vibaya. Nikasema haya hutokea. Uso wangu ulikuwa wa moto.

Ile ya nyuzi tano? Hakuipenda, ina sauti ya kiofisi. Nilijizuia nisicheke.

Leo ameniambia ya kwake. Mkewe ni muuguzi wa zamu za usiku, mchana analala, usiku majirani wanalala, kwa hiyo nyumbani besi haichomekwi. Anacheza mkavu, bila spika, sikio kwenye mbao. Miaka minne hivyo. Nilichemsha mayai, tukala kwa chumvi na mkate. Ameondoka saa tisa na nusu.

Jumamosi, 29 Machi

Jana nimekata tena. Leo kaja na risasi bora ya kulehemu, kanunua kwa fedha yake, na kitambaa cha kufungia. Anasema hajawahi kushindwa na waya mmoja hivi.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Yangu naifagia na kuimwagia maji.

Jumatano, 2 Aprili

Mwenyekiti: wiki sita zinakaribia, mzee wa mlango, unauza au unatutania? Kabla sijajibu, mpigaji wa bendi za harusi kasema Jumapili anataka kuja. Nikaandika imerudi kuvuma, iko kwa fundi. Wakauliza fundi gani huyo, besi wiki nne haiponi?

Mwalimu akajitokeza. Fundi ni mimi, aliandika. Kosa ni langu, kulehemu kwangu ndiko kubovu, msimlaumu mwenye besi.

Walimcheka mpaka jioni. Sasa anaitwa Fundi Mvumo. Watu mia moja na arobaini. Kuna aliyeuliza kama na hesabu anafundisha hivyo hivyo. Mwalimu kajibu kwa kijikaragosi cha kucheka, lakini mtu anayecheka kweli haandiki mara moja tu na kunyamaza.

Nimeandika ukweli wote kwenye simu, mistari mitano. Nimeufuta. Nimeandika tena, mfupi. Nimeufuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Hakuja. Ana mitihani ya kusahihisha, kasema.

Nimefua. Nimekunja mashati. Nimefungua kabati nikaitazama. Sikuigusa. Saa kumi nikashuka kununua mkate, nikazungumza na muuza mkate kuhusu mvua kwa muda mrefu kuliko mvua yenyewe ilivyostahili. Nikaona ananionea huruma, nikaondoka.

Upweke ni neno nisilolipenda. Lakini leo ndilo lenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Ujumbe wa Mwalimu: mzee wangu, wewe si mtu wa lenzi? Nitengenezee kioo cha kukuzia, nione pale panapoachia pana nini. Safari hii sishindwi. Jumamosi.

Nimesoma mara tatu. Anataka nimpe macho ya kunifumania.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemsagia. Wakati wa chakula cha mchana, kipande kizuri kilichobaki kwenye oda ya wakili. Ningeweza kukisaga vibaya, kikapinda kidogo pembeni, ukungu kidogo katikati, asione kitu. Mkono ulikataa. Miaka thelathini na moja sijamtolea mtu lenzi mbovu, nianze na huyu? Nimeking'arisha mpaka nikaona mistari ya kidole changu imekuwa kama matuta ya shamba. Nimekitia kwenye fremu ya mkono.

Mwenye duka kapita, kauliza ni ya nani. Nikasema ya rafiki yangu. Nilijisikia nikilisema hilo neno. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo sikukata. Ulikuwa umekatwa tayari, tangu Alhamisi ya wiki jana, nikimtegemea Jumamosi ile asiyokuja. Ningeweza kuulehemu mwenyewe, lakini mkono usio wake angeutambua. Nimefunga bati. Mficha uchi hazai. Kesho nitasema mwenyewe, kabla hajafungua.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikusema. Alifika saa nne, kachoka, macho mekundu ya kusahihisha. Nikampa chai. Nikampa kioo. Alifurahi mno kwa kile kioo, akatazama kucha zake, sukari, maandishi ya chini kabisa kwenye boksi la kiberiti. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumtengenezea kitu. Sasa hapo unaanzia wapi kusema?

Akafungua bati. Akainama na kioo. Akakisogeza kioo karibu, akakirudisha nyuma.

"Waya uliokatika wenyewe unachanika," alisema. Kama anasoma ubaoni. "Nyuzi zake zinatofautiana, ndefu, fupi. Hizi zote ziko sawa. Umekatwa."

Mimi nilikuwa natazama ukuta.

"Mara ngapi?"

Nikasema mara ya kwanza ulichakaa wenyewe. Nyingine, mimi. Tatu.

Nilingoja anitukane, nilitamani hata anitukane. Nikasikia chuma cha kulehemu kinapata moto, ile harufu. Akalehemu. Akafunga skrubu zote nne, akachomeka, kimya, akachomoa. Kisha akaniuliza, kwa adabu, tena bila "mzee wangu": unauza, au huuzi?

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mdomo huu, ulioweza kuwafundisha watu utulivu wa vidole, ukasema, "Nauza."

"Basi nimefika bei," akasema. Bei kamili, ile ile ya tangazo, hakuomba punguzo hata la adabu. Akaandika kundini pale pale, mbele yangu. Na aliyefika bei hapingwi. Simu yangu ikaanza kulia mezani, watu wanapongeza, Mwenyekiti kaandika hatimaye mlango umepata nyumba. Yupo aliyemuuliza mvumo ulikuwa nini. Kamjibu: waya tu, umepona.

Waya tu. Angeweza kunimaliza.

Ameshuka kuchukua begi kwenye gari. Kaegesha mbali, nyuma ya kliniki, hapa chini palikuwa pamejaa. Besi yake kaiacha kwenye kochi, kando ya yangu. Naandika haraka.

Sitaki fedha. Sitaki hata besi, Mungu wangu, ningempa bure. Nikimpa leo, wiki ijayo anakuja kufanya nini? Nikimkatalia natolewa kundini, na hilo halinitishi, lakini yeye ataniona ni mtu wa hila mpaka mwisho. Neno lenyewe ni fupi. Sikutaka kuuza, nilitaka uwe unakuja. Hayo tu. Nimeyaandika, yamekaa hapa, hayajaua mtu. Chomeka hapa kwangu kila Jumamosi, kwako kunalaliwa. Maneno saba. Hesabu yenyewe ni rahisi, na yeye ni mwalimu wa hesabu.

Viatu. Ghorofa ya kwanza.

Nianze na samahani au nianze na Jumamosi? Samahani kwanza. Hapana. Nikianza na samahani atasema usijali, na neno "usijali" linafunga mlango.

Ya pili. Anapanda polepole leo.

Sijui hata jina la mkewe. Wiki tano na sijamuuliza.

Ya tatu. Amesimama. Anapumzika, au anafikiri. Ameanza tena.

Mlango nimeuacha wazi kabisa, wiki zote hizi alikuwa anaingia tu, anaongea tangu ngazini. Namwona kivuli. Amesimama kwenye kizingiti na begi tupu mkononi, mlango uko wazi, ananiona nimekaa, na anabisha hodi.